Nilitumwa Guangzhou Kununua Jezi za Timu, Jina Langu Halimo

Ghorofa ya pili, kwa mchapa jezi

Wote mnaoniuliza "Mwaju, China kulikuwaje?" mnataka kusikia majengo. Majengo yapo, marefu mpaka shingo inauma. Lakini kilichonipata mimi kilinipata siku ya nne, saa tano asubuhi, katika duka la kuchapa jezi, Nasra nimempakata mkono mmoja, simu mkono wa pili, namsomea mwenye duka majina ya wachezaji wenzangu herufi moja moja.

Timu ndiyo iliyonituma. Vimulimuli Queens, mpira wa kikapu, ligi ya wilaya. Nilikuwa nakwenda kununua magauni ya biashara yangu, wakasema utuletee na jezi, kumi na mbili, rangi ya machungwa. Katibu wetu, Kaka Seif, alinitumia orodha kwenye WhatsApp. Namba nne, Rehema. Tano, Neema. Sita, Tatu. Saba, Sabrina.

Namba saba ni yangu tangu kidato cha tatu.

Nikashuka chini, nikidhani labda wamenihamisha. Nane, tisa, kumi, mpaka kumi na tano. Simo. Chini kabisa, baada ya kocha na mtu wa huduma ya kwanza, pameandikwa: "Mlezi wa timu: Mama Nasra. Mlezi hahitaji jezi, atapewa fulana."

Hata jina langu hawakuliandika! Nikampigia hapo hapo. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, akapokea kwa sauti ya usingizi.

"Kaka Seif, mimi niko wapi?"

"Si uko China?"

"Kwenye orodha!"

"Aa, Mama Nasra. Wewe tumekupandisha cheo. Si ulishukuru mwenyewe siku ya kukuaga? Video ipo."

"Nilishukuru kuwa mlezi. Sikushukuru kuacha kucheza."

"Sasa dada, mtu ananyonyesha atakimbizana na nani? Lea mtoto. Sisi tumekuheshimu."

Hilo "tumekuheshimu" ndilo lililonipasua. Nikapiga meza ya watu kofi mpaka kikokotoo kikaruka. Nilichosema sikiandiki hapa, mama zenu wanasoma. Nasra akaanza kulia. Mwenye duka, mama mfupi wa miwani ambaye kila mtu humwita laoban, yaani bosi, akakiokota kikokotoo chake, akakifuta na mkono wa blauzi, akakiweka mbali nami. Na kwenye kona, juu ya mafurushi ya vitambaa, mwanamke mmoja mwenye magoti yaliyojaa makovu alikuwa amekaa ananitazama. Nilipomtazama akasimama. Akaendelea kusimama. Jamani, yule dada hakuwa anaisha.

Ngoja nirudi nyuma kwanza, nisiwachanganye.

Dar hadi Addis

Mambo ya viza na tiketi nayaruka, hayana utamu. Nianzie siku ya kuagwa, maana Kaka Seif aliitaja na ni kweli. Waliniita uwanjani jioni, wakanivisha kanga mabegani, wakapiga makofi, wakatangaza: kuanzia leo Mama Nasra ni mlezi wetu. Mimi ninavyojua, mlezi wa timu ni yule anayewekwa kiti cha mbele na kuombwa maji ya wachezaji. Cheo cha mheshimiwa diwani. Nilikuwa nimejifungua miezi minane nyuma, na kwa miezi mitatu nimekuwa nikikimbia alfajiri kabla mtoto hajaamka. Nikadhani wamenipa cheo juu ya kucheza. Nikashika kipaza sauti kama mjinga, nikasema asanteni, sitawaangusha.

Ndege ilichelewa kwa saa tatu. Pembeni yangu alikaa mzee wa Kipemba mwenye kofia ya kiua, anakwenda kununua vigae. Nasra alipoanza kupiga kelele nikajiandaa kutukanwa. Mzee akanyoosha mikono.

"Nipe mie huyo. Wewe kula, umekonda kama fimbo."

Akamshika mpaka Addis, akimwimbia kasida sikioni. Nilikula chakula changu chote, na cha kwake alichonisogezea, nikalala mdomo wazi.

Addis tukakuta ndege ya pili imeshaondoka. Tukawekwa hotelini siku nzima, mimi, mzee na Wakongo sita waliokuwa wakigombana na kila mhudumu kwa Kifaransa. Tukaletewa injera, ule mkate wao laini mchachu. Nasra akaweka kipande mdomoni, akakunja uso kama hakimu, kisha akadai kingine.

Addis hadi Guangzhou

Guangzhou kulikuwa na joto la kwetu kabisa, lile la kunata, hivyo nikamvua Nasra soksi pale pale uwanja wa ndege. Kosa. Bibi mmoja wa Kichina akaja mbio, akamshika mwanangu mguu, akaanza kunifokea. Nikadhani ananituhumu kumwiba mtoto. Nikafoka pia. Yeye anafoka, mimi nafoka, watu wanapita. Mwisho akavua skafu yake ya shingoni, akaizungusha miguu ya Nasra, akaifunga fundo, akaondoka zake bila kugeuka. Skafu ile ninayo mpaka leo.

Siku hiyo moja nilikaripiwa na mabibi watano kwa lugha nisiyoijua, na nilielewa kila neno. Wa mwisho alinishika mkono mpaka kwenye duka la soksi.

Xiaobei

Nilifikia mtaa wa Xiaobei, kwa Mama Anchia. Huyu ni mtu wa Pemba, ile Pemba ya Msumbiji, siyo ya yule mzee wangu. Ana ofisi ya kusafirisha mizigo kwenye jengo la Tianxiu, na nyumbani kwake anapangisha vitanda kwa wanawake tu.

"Mwanaume hata aje na dhahabu hapandi ngazi yangu," alinipokea hivyo. Kiswahili chake ni cha kwao, akikwama anaingiza Kireno, na kila mwanamke aliye chini ya miaka arobaini anamwita "minha filha", yaani mwanangu.

Asubuhi alinipeleka kula uji wa mchele barabarani. Nikafurahi, uji kama wa nyumbani. Muuzaji akauliza kitu, nikaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Akatumbukiza yai jeusi. Si lililoungua: jeusi la kung'aa, kama jiwe la pete. Mama Anchia akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Ulisema ndiyo, minha filha. Sasa ule."

Nililila. Nasra alikula nusu ya langu. Nilipotoa noti kulipa, muuzaji akaishika akaiangalia juu na chini kama mtu aliyeletewa barua ya babu yake. Kule kila mtu analipa kwa simu.

Siku mbili nilikuwa soko la Shisanhang kwenye magauni ya jumla. Kule usisimame katikati ya njia kushangaa, wabeba mizigo hawasimami, utapandiwa juu na furushi. Uliza rangi nyingine, utajibiwa "mei you", hakuna, kabla hujamaliza sentensi. Siku ya tatu nilipumzisha miguu. Siku ya nne Mama Anchia akanipeleka kwa mchapa jezi anayemwamini, akanisomesha bei, akaenda duka la jirani kuangalia zipu. Hapo ndipo nilipofungua ile orodha.

Kwa mchapa jezi, tena

Mama Anchia alirudi mbio aliposikia sauti yangu. Akanikuta bado nimeshika simu, na yule dada mrefu ameshamchukua Nasra na kumweka begani, juu huko, na Nasra amenyamaza kwa mshangao wa kuona dunia kutoka dirisha la juu.

"Kumbe mmeshakutana!" Mama Anchia akasema. "Huyu ni Zuleide wangu. Mbrazili. Anacheza kikapu cha kulipwa, timu ya mji wa jirani. Akiwa na mapumziko anakuja kwangu kula maharage."

Wakaongea Kireno. Mama Anchia akanigeukia.

"Anauliza, umepigwa au umeibiwa?"

"Mwambie nimetolewa kwenye timu kwa sababu nimezaa."

Akatafsiri. Zuleide akacheka. Nilitaka kumrukia, naapa, hata kama ningefika kiunoni tu. Halafu akainua vidole viwili.

"Anasema yeye kazaa mara mbili, na bado anacheza."

Mchana ule tulikaa kwa Mama Anchia, sufuria ya wali na maharage katikati, na nikasikia maisha ya mtu ambayo sijawahi kuyasikia. Alianza kucheza akiwa na miaka kumi na moja, nyuma ya kanisa la mtaani kwao, uwanja wa goli moja. La pili liliibwa likauzwa chuma chakavu. Baba dereva wa lori. Alipofika miaka kumi na tano akaondoka nyumbani kwenda kuishi na klabu ya mji mkubwa, begi moja mkononi na godoro kichwani.

"Godoro la nini?" nikauliza.

"Vitanda vya klabu vilikuwa vya watoto wa kawaida," Mama Anchia akatafsiri. "Miguu ilikuwa inalala sakafuni."

Kisha Ureno. Kisha Poland, ambako alikwenda mazoezini akitembea juu ya barafu na hakujua hata neno la kuombea chumvi. Uturuki. Hungaria. Sasa China, ana miaka thelathini na minane, na huu ni msimu wake wa mwisho. Pale dukani alikuwa anachapisha jezi za wasichana wa mtaani kwao, anakwenda kuwafundisha. Mimi nasikiliza, kijiko kimesimama hewani. Mtu amekula kwa mpira huu tangu mimi sijaanza kutambaa!

"Sasa muulize hizo mara mbili."

Zuleide akafuta mdomo. Mara ya kwanza ilikuwa Poland. Alipopata mimba aliingia chumba cha kubadilishia nguo akakuta kibandiko cha jina lake kimebanduliwa kwenye kabati, gundi imebaki. Viongozi wakamwita, wakampa maua, wakamwambia kuanzia leo wewe ni balozi wa klabu.

"Balozi!" Mama Anchia akapiga paja. "Mlezi wa Kizungu huyo!"

Tukacheka watatu mpaka Nasra naye akacheka, hajui anacheka nini.

"Akafanyaje?"

"Akaandika malalamiko. Ukurasa mmoja. Wakamjibu hapana. Akaandika kwa wakubwa wao. Wakamjibu hapana."

"Kwa hiyo alishindwa."

"Alishindwa. Lakini hizo hapana mbili zilikuwa na muhuri. Akazibeba mpaka Uturuki, akaziweka mezani kabla hajasaini. Akasema, andikeni hapa kwamba nikizaa, nafasi yangu inanisubiri. Wakaandika. Akazaa wa pili. Akarudi, akacheza."

Zuleide akavuta begi lake, akatoa faili la plastiki lililochakaa pembe. Karatasi zenyewe zilikuwemo. Sikuweza kusoma hata neno moja, lugha za watu hizo, lakini mihuri niliiona. Mwanamke anatembea nazo nchi hadi nchi kama sisi tunavyotembea na kadi ya kliniki.

Akaniuliza mwenyewe, kwa Kiingereza chake kibovu na changu kibovu: unataka nini, kulia, kugombana, au kucheza?

"Kucheza."

Akamwambia Mama Anchia maneno marefu.

"Anasema rudi ukachape jezi zote kumi na mbili. Na ya huyo Sabrina. Ukizizuia, watazungumzia jezi, hawatakuzungumzia wewe."

Niliuchukia ushauri huo kuliko yai jeusi. Nikaenda nikachapa. Namba saba niliichungulia ikitoka kwenye mashine, S, A, B, laoban akaninyooshea kiti.

Treni, kwenda kumwona

Jumamosi Zuleide alitupa nafasi za mechi yake, mji wa jirani, treni ya mwendo kasi. Kituoni kuna ukaguzi. Mlinzi, binti mdogo mkali, akatoa chupa ya Nasra kwenye begi. Maziwa yangu, nilikuwa nimeyakamua asubuhi. Akaninyooshea, akaonyesha mdomo: kunywa.

"Anataka nini?"

"Unywe kidogo, ajue si petroli," Mama Anchia akasema.

"Mwambie ni maziwa ya mtoto!"

"Anajua. Kunywa."

"Ni yangu, Mama Anchia! Yametoka kwangu!"

"Basi unaogopa nini, si umeyapika mwenyewe?"

Foleni nyuma yetu ndefu kama siku ya kujiandikisha kupiga kura. Nikanywa. Mtu mzima, mama wa mtu, nimesimama nakunywa maziwa yangu mwenyewe, na Nasra ananitazama kama mwizi. Mlinzi akapunga mkono, pita. Matamu kidogo, kama mnataka kujua.

Treni ilikuwa kimya mpaka niliogopa kukohoa, na hatukumaliza hata machungwa tuliyonunua, tukawa tumefika.

Sasa mechi. Nilitegemea mwanamke mrefu anayeweka mpira kikapuni kwa sababu ni mrefu. Sivyo. Robo ya kwanza alikaa benchi, taulo magotini, anawafokea wenzake kwa Kichina cha kuokoteza. Alipoingia, hakuwa na haraka hata kidogo. Wasichana wa upinzani, wepesi, wa miaka ishirini, walikuwa wanamzunguka kama nzi, na yeye anatembea tu, halafu mpira ulikuwa umeshafika mahali ambapo hakuna mtu, na mara mtu yupo! Alikuwa anapiga pasi kwa mchezaji ambaye bado hajajua kwamba atakimbilia pale. Nilicheza pointi gadi, yule mgawa mipira, miaka sita nikidhani najua kuona uwanja. Nilikuwa kipofu.

Bibi mmoja jukwaani, mwenye kapu la mboga, alikuwa analiita jina lake kwa nguvu, "Zu! Zu!", na ukumbi wote unafuata.

Robo ya nne, wako nyuma, msichana wa upinzani anakuja mbio moja kwa moja kwenye goli. Zuleide akaenda akasimama njiani. Akajua atagongwa, na anayegonga ndiye mwenye faulo. Akakunja mikono kifuani akasubiri. Nilisikia mlio wa mgongo wake kwenye sakafu kutoka nilipokaa. Nikasimama, Nasra nimemkumbatia. Mama wa watoto wawili, miaka thelathini na minane, makovu magotini, msimu wenyewe wa mwisho, na amekwenda kulala chini ya treni kwa ajili ya faulo moja. Akalala pale kidogo. Akaamka. Akaelekeza kidole upande wa pili: mpira wetu.

Walifungwa kwa pointi tatu. Sijali. Nililia kama nimefiwa, na wala sikuwa na huzuni.

Baada ya mechi watu walipotoka na wasafishaji wameanza kupiga deki, Zuleide alikuja na barafu imefungwa magotini, akanirushia mpira.

"Onyesha."

Nikavua kandambili. Nikatupa, nikakosa. Nikakosa tena. Nilikosa saba mfululizo mbele ya mtu wa namna ile, natamani sakafu ipasuke. Ya nane ikaingia, ya tisa ikaingia. Akanikimbiza kushoto, kulia, kushoto, mpaka maziwa yakalowesha fulana yangu. Nikafunika kifua kwa mikono. Akanishusha mikono, akasema kitu.

Mama Anchia, Nasra begani, akatafsiri kutoka pembeni: "Anasema mguu wako wa kushoto unachelewa. Na asisingiziwe mtoto, ni uvivu. Wiki sita ukifanya kazi unakaa sawa. Anasema macho unayo."

Macho ninayo. Amesema yeye.

Guangzhou hadi nyumbani

Kurudi kulikuwa kwepesi, mizigo imeshachukuliwa na meli, mimi na jezi na mtoto tu. Sikulala. Niliandika barua nyuma ya karatasi za chakula cha ndege, nikafuta, nikaandika tena, kurasa tatu za matusi, mpaka ikabaki moja isiyo na tusi.

Jezi niliwakabidhi wote uwanjani, moja moja. Sabrina alipokea namba saba bila kunitazama. Nikamwambia, wewe huna kosa, ila usiizoee. Kaka Seif akaniletea fulana ya mlezi. Nikamrudishia mkononi.

Jumatatu nikaenda ofisi ya ligi. Karani akaisoma, akashusha miwani.

"Sasa mama, haya si mngekaa tu mkaongea kifamilia?"

"Gonga muhuri, dada yangu. Na nakala yangu pia."

Akagonga zote mbili. Hii hapa, kama ilivyo.

Mwajuma Salehe,
Mchezaji, Vimulimuli Queens.

Katibu,
Kamati ya Rufaa,
Ligi ya Kikapu ya Wilaya.

YAH: MALALAMIKO YA KUONDOLEWA KWENYE ORODHA YA WACHEZAJI KWA SABABU YA KUJIFUNGUA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchezaji wa timu tajwa kwa miaka sita. Nilijifungua mtoto wa kike na nikarudi mazoezini baada ya miezi mitano. Nikiwa safarini kwa kazi ya timu, niligundua nimeondolewa kwenye orodha ya msimu huu bila kuitwa, bila kujaribiwa na bila barua. Sababu niliyopewa kwa simu ni kwamba nanyonyesha.

Ni kweli kwamba nilitangazwa kuwa mlezi na nikashukuru hadharani, na video ipo. Nilishukuru kwa sababu sikuambiwa kwamba cheo hicho kinachukua nafasi yangu ya kucheza. Kama ndivyo kilivyo, kwa barua hii nakirudisha.

Simlalamikii mchezaji aliyepewa namba yangu. Namba yoyote itanitosha.

Nakiri kwamba kwa sasa mguu wangu wa kushoto ni mzito. Naomba wiki sita, kisha nijaribiwe siku moja, uwanja mmoja, kwa vipimo vile vile na wenzangu wote, mbele ya mjumbe wa kamati yako. Nikishindwa, naomba niandikiwe kwamba nimeshindwa kwa mpira. Uamuzi wowote, hata ukiwa wa kunikatalia, naomba uje kwa maandishi na uwe na muhuri.

Siku ya majaribio nitakuja na mwanangu. Nitahitaji dakika kumi katikati za kumnyonyesha, kisha nitarudi uwanjani.

Wako katika michezo,

Mwajuma Salehe